Mdogo wangu hajahukumiwa, mbona anapelekwa hospitali?

SWALI: Mhariri, mdogo wangu anaishi Marekani, ambako ameshtakiwa kwa unyang'anyi. Kwa miaka kadhaa amekuwa akisikia sauti ambazo sisi wengine hatuzisikii. Juzi wakili wake alitueleza kwamba jaji amesimamisha kesi na kuamuru apelekwe hospitali, atibiwe na afundishwe mambo ya mahakama mpaka aweze kusimama mahakamani. Je, ameshahesabiwa kuwa kichaa na kesi imekwisha? Atafundishwa nini? Na sisi tulio mbali tumsaidie vipi? – Dada mwenye wasiwasi.

JIBU: Dada yetu, pole sana kwa mzigo huu. Kesi ya mdogo wako haijakwisha, na hakuna aliyeamua kwamba ana hatia au hana. Sheria ya Marekani ina maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza linahusu siku ya tukio: je, alipotenda jambo analodaiwa kutenda, akili yake ilikuwa timamu? La pili linahusu leo: je, katika hali aliyo nayo sasa, anaweza kuelewa mashtaka na kushirikiana na wakili wake katika kujitetea? Jaji amejibu hilo la pili tu, na jibu lake ni kwamba bado hawezi.

Kipimo kinachotumika kiliwekwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1960, katika kesi ya Dusky. Mahakama ilisema haitoshi mshtakiwa kujua siku, mahali alipo na kukumbuka baadhi ya matukio; anatakiwa awe na uwezo wa kushauriana na wakili wake kwa fikra zenye mantiki, na aielewe kesi yake si kwa kujua mambo tu bali pia kwa kuyapima kwa busara. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mafunzo unayoyauliza. Mtu anaweza kukariri kwamba jaji husimamia kesi, mwendesha mashtaka huithibitisha na wakili wa utetezi humsaidia mshtakiwa, akajibu maswali yote bila kukosea, na bado akaamini moyoni kwamba wakili wake ametumwa na zile sauti kumwangamiza. Huyo amefaulu mtihani wa kukariri, lakini hayuko tayari kusimama mahakamani.

Kwa hiyo matibabu hutangulia, na kwa mgonjwa anayesikia sauti, mara nyingi dawa ndizo zinazofungua mlango wa mafunzo. Hospitali haina ruhusa ya kumlazimisha dawa kiholela kwa sababu tu kesi inangoja. Mwaka 2003, katika kesi ya Sell, Mahakama ya Juu iliweka masharti magumu kuhusu jambo hilo. Dalili zinapotulia, walimu humfundisha peke yake au katika kikundi, hutumia picha na michezo, na hata kuigiza kikao cha mahakama, kila mmoja akipewa nafasi yake. Mimi naona somo linalohitaji subira kuliko yote ni makubaliano ya kukiri kosa, kwa sababu hukumu nyingi mno nchini Marekani hutokana na mshtakiwa kukiri, si kesi kusikilizwa hadi mwisho. Anayekubali kukiri anaacha haki ya kusikilizwa na jopo la wananchi wanaoamua kama ana hatia, haki ya kuwahoji mashahidi na haki ya kunyamaza, na ni lazima ajue anapata nini na anapoteza nini kabla ya kutamka neno hilo.

Kwa mtu wetu anayezungumza Kiswahili kuna jambo la kuangaliwa zaidi. Kutojua Kiingereza si kukosa uwezo wa kusimama mahakamani. Dawa yake ni mkalimani, naye anahitajika hata darasani na wakati wa kupimwa. Sisi humwita "wakili" mtetezi na pia yule wa serikali, na mgonjwa mwenye shaka anaweza kudhani wote wawili wako upande mmoja. Haki ya kunyamaza nayo ielezwe kwa uangalifu, kwani aliyelelewa kumjibu mkubwa kila anapoulizwa huona kunyamaza ni utovu wa adabu.

Je, anaweza kuzuiliwa milele kwa sababu haelewi? Hapana. Theon Jackson, kiziwi asiyeweza kusema na mwenye ulemavu wa akili, alishtakiwa huko Indiana kwa wizi wa vitu na fedha za thamani ya dola 9 kwa jumla. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kushikiliwa kwa sababu hiyo pekee zaidi ya muda unaofaa wa kujua kama kuna matumaini ya yeye kupata uwezo. Linaloniumiza ni kwamba katika majimbo mengi wagonjwa husubiri kitanda cha hospitali wakiwa mahabusu, wakati mwingine kwa miezi. Mwulizeni wakili tarehe ya kuhamishwa, na kama muda unapita bila jibu, mwombeni alifikishe jambo hilo kwa jaji.

Nanyi mpelekeeni wakili historia ya ugonjwa: lini ulianza, dawa zipi zilimfaa na zipi zilimdhuru, na shuleni aliendeleaje. Katika simu za mahabusu msizungumzie tukio lenyewe, kwa kuwa simu hizo kwa kawaida hurekodiwa, wala msimfundishe la kusema; mpeni salamu, mkumbusheni kula na kulala, na mwambieni maswali ya kesi amwulize wakili wake. Hospitali itakapompelekea jaji ripoti kwamba yuko tayari, atarudishwa mahabusu kusubiri kikao, na hapo ndipo wengine huugua tena kwa sababu dawa zimekatika. Wiki hiyo hiyo mwombeni wakili ahakikishe kwamba anaendelea kupata dawa zile zile.