Kabla ya Kumtafuta Mnyama, Soma Makazi Yake

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikienda porini na orodha ya wanyama niliotaka kuwaona. Nilibeba darubini na daftari, nikaingia msituni kuwasaka mmoja baada ya mwingine, na jioni nikarudi na kurasa nyingi tupu. Sikuwa mvivu, wala macho yangu hayakuwa mabovu. Nilikuwa naanzia mwisho: nilimtafuta mnyama kabla ya kuitazama nyumba yake.

Funzo nililipata kwenye misitu miwili iliyopakana. Wa kwanza ulikuwa wa kupandwa, miti ya aina moja na ya umri mmoja, imenyooka kwa mistari, na chini yake hakuna kitu ila majani makavu. Wa pili ulionekana umetelekezwa. Miti mirefu ilichanganyika na mifupi, mimea ya kutambaa ilining'inia kila upande, magogo yalilala ovyo, na mti mmoja mkubwa ulikuwa umekufa ungali umesimama. Nilitegemea ule wa kwanza unipe ndege wengi, maana ulikuwa na miti mingi zaidi. Nikakaa humo asubuhi nzima nikaambulia spishi nne. Kesho yake, kwenye ule wa pili, jua halijapanda vizuri ukurasa ulikuwa umeshajaa.

Ndege hajali msitu una miti mingapi. Anachotaka ni pa kulia, pa kujificha na pa kutagia, na mahitaji hayo hayapatikani kwenye kimo kimoja. Mwaka 1958 mwanaikolojia Robert MacArthur alichapisha utafiti kuhusu spishi 5 za ndege wadogo wala wadudu katika misitu ya misprusi, miti ya jamii ya misonobari, ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Wote walikuwa na umbo linalokaribiana, wakala chakula kinachofanana, tena kwenye miti ile ile. Ungedhani mmoja angewafukuza wengine. Alipowafuatilia aliona kila spishi ina sehemu ya mti inayoitumia zaidi: huyu kileleni, yule kwenye matawi ya ndani karibu na shina, mwingine chini kabisa. Mwaka 1961 yeye na ndugu yake John wakaonyesha kwamba, katika maeneo waliyoyachunguza, jinsi majani yalivyogawanyika kwa tabaka kuanzia chini hadi juu ilieleza wingi wa spishi za ndege vizuri kuliko idadi ya spishi za mimea.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukifika msituni, simama dakika kumi bila kugusa darubini. Anza na udongo miguuni pako. Je, umefunikwa na majani yaliyooza, au ni mkavu na mgumu? Panda kwa macho hadi kwenye vichaka, kisha miti midogo, kisha mwavuli wa juu. Tabaka likikosekana, tegemea kundi zima la wanyama likosekane nalo. Nimeona watu wakifyeka vichaka vyote ili msitu "upumue", halafu wanashangaa ndege wa vichakani wamekwenda wapi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni gogo linalooza. Ukitaka kulichungulia, shika upande ulio mbali nawe na ulivute kuelekea kwako, ili kama kuna nyoka au nge, gogo libaki kati yenu naye apate njia ya kutokea upande wa pili. Fanya polepole. Kwanza inakuja harufu, harufu ya uyoga na udongo uliolowa. Kisha unaona nyuzi nyeupe za kuvu zimetandaa kwenye mbao kama utando. Tandu anakimbia, jongoo anajikunja, konokono mdogo kuliko punje ya mchele amebandika kwenye gamba la mti. Ukikaa kimya kidogo, kile ulichodhani ni kipande cha udongo kinapumua: ni chura. Ngozi yake hupitisha maji, hivyo mahali pakavu humnyonya unyevu hadi kumuua. Gogo lile ndilo linalomvusha msimu usio na mvua. Ukimaliza, lirudishe lilivyokuwa, kwenye alama yake ile ile, kwa sababu unyevu uliokaa chini kwa miezi hupotea upesi gogo likiachwa limepinduka.

Mti mkavu uliosimama nao nakuomba uuache, kama hauhatarishi watu wala nyumba. Kigong'ota hutoboa tundu la kutagia kwenye mti wa namna hiyo, kwa kuwa mbao zake zimelegea. Akihama, tundu halikai tupu. Huingia bundi wadogo, popo, nyuki, na ndege kadhaa wasio na mdomo wa kutoboa. Ukiukata mti huo kwa kutaka msitu uwe nadhifu, umewahamisha wote hao kwa siku moja, na mche utakaoupanda badala yake hautakuwa na tundu kwa miongo mingi.

Ukubwa wa msitu ni jambo ambalo macho pekee hayalioni, na hapo ndipo wengi tunadanganyika. Karibu na Manaus nchini Brazili, tangu mwaka 1979, mradi ulioanzishwa na mwanabiolojia Thomas Lovejoy umefuatilia vipande vya msitu vya hekta 1, 10 na 100 vilivyotengwa na msitu mkubwa. Ukingoni upepo na jua huingia, hewa hukauka, na miti mikubwa hufa kwa kasi kuliko ndani. Ndege wanaofuata misafara ya siafu ili kudaka wadudu wanaokurupushwa walitoweka kwenye vipande vidogo, kwa kuwa siafu wenyewe huhitaji eneo pana. Kisa kinachonigusa zaidi ni cha pekari, wanyama wanaofanana na nguruwe. Hugaagaa kwenye tope na kuacha mashimo yanayojaa maji, na baadhi ya vyura hutaga humo. Pekari walipokosekana kwenye vipande hivyo, mashimo yakakosekana, na vyura wale nao wakatoweka. Miti ilikuwepo, mvua ilinyesha, ila hakukuwa na wa kuchimba kidimbwi.

Vidimbwi ndivyo vilivyonifundisha kwa uchungu. Kikundi chetu cha kujitolea kilitunza kinamasi kidogo kilichokauka kila mwaka kwa miezi kadhaa. Tuliwahurumia wanyama wake. Tukachimba hadi kina cha zaidi ya mita moja ili maji yasikatike, na mmoja wetu akaleta samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mimi nilikuwa wa kwanza kuunga mkono. Mvua zilipoanza vyura walikuja kama kawaida, wakaimba, wakataga. Nilikwenda kila asubuhi na wavu mdogo kuhesabu viluwiluwi vyao. Siku ya tatu nilipata vichache, wiki iliyofuata sikupata hata kimoja.

Kule kukauka tulikokuona kuwa ni balaa ndiko kulikowalinda. Samaki wengi hawaishi mahali panapokauka, na vyura wa vidimbwi vya muda wana viluwiluwi vinavyokua haraka ili viote miguu kabla maji hayajaisha. Wapo wa aina nyingine: viluwiluwi vya chura mkubwa wa Amerika aitwaye kwa Kiingereza "bullfrog" huweza kuchukua hata miaka miwili kwenye maeneo ya baridi, na hao bila maji ya kudumu hawana maisha. Kwa hiyo swali la kuuliza penye kinamasi ni maji hukaa kwa muda gani, na kama kuna samaki. Majibu ya maswali hayo mawili yatakuambia mengi kuhusu vyura na kerengende utakaowakuta. Nasi tulilifukia shimo hadi likarudi kukauka, samaki wakaisha, na ilichukua misimu miwili kabla sijaviona tena viluwiluwi kwenye wavu.

Kina nacho kipime. Mimi hutumia fimbo yenye alama za sentimita. Ndege wadogo wa majini wenye miguu mifupi hutafuta chakula kwenye tope na maji ya sentimita chache tu. Korongo na yangeyange huingia ndani zaidi. Bata wazamiaji huhitaji kina. Bwawa lenye kingo zilizokatwa wima humpa kila mmoja kina kimoja, na wengi hupita juu bila kutua. Kingo zinazoteremka polepole zina nafasi kwa wote, na maji yakipanda au kushuka kila ndege husogea tu hatua kadhaa. Matete nayo yasifunike bwawa lote, wala yasing'olewe yote. Panapochanganyika, matete na maji ya wazi kwa kiasi kinachokaribiana, ndipo nimekuta ndege wengi zaidi.

Siku hizi daftari langu nalifungua kwa kurasa mbili. Kushoto naandika makazi: tabaka, magogo, miti mikavu, umbali kutoka ukingoni, kina cha maji na dalili za mahali yalipofika zamani. Kulia naandika wanyama. Naujaza wa kushoto kwanza, na mara nyingi naweza kukisia watakaoingia kulia. Ziara yangu ya mwisho kwenye kinamasi kile, kushoto kulikuwa na kila kitu ambacho vyura wanakihitaji, lakini fimbo ilionyesha maji yamepungua kuliko mvua za wiki ile zilivyostahili, na kulia hakukuwa na chura hata mmoja. Nikaacha kuwatafuta, nikafuata ukingo wa maji kwa miguu. Hatua mia mbili hivi kutoka pale, nyuma ya matete, nikaukuta mfereji mpya, udongo wake bado mbichi, maji yakitoka polepole.