Maswali yenu kuhusu Game Freak, wale jamaa waliotengeneza gemu za Pokémon

Eti ni kweli walianza kama gazeti?

Kweli kabisa, na lenyewe la kubana na pini za stepla. Mwaka 1983 Satoshi Tajiri alikuwa bado kijana mdogo, anaandika kwa mkono mbinu za kupita stage ngumu za gemu, anatoa kopi, anauza. Ken Sugimori akalikuta dukani, akalipenda, akajitolea kuchora, na ndo huyohuyo aliyekuja kusimamia michoro ya Pokémon. Wakaandika wee mpaka wakaona gemu nyingi hazina ladha, bora watengeneze yao. Ya kwanza inaitwa Quinty, kampuni ya gemu ya Namco ndo waliitoa mwaka 1989, na kampuni ikasajiliwa mwaka huohuo.

Wazo la Pokémon lilitoka wapi?

Kwenye wadudu bana. Tajiri kakulia Machida, pembeni ya Tokyo, enzi hizo bado kuna miti na madimbwi, na watoto wenzake walikuwa wanapaka asali kwenye gome la mti ili wanase mbawakawa, yeye anaweka jiwe chini ya mti anaenda zake, maana mchana wale wadudu hupenda kulala chini ya mawe, asubuhi anakuja kuinua tu anawakuta. Ukubwani akaona waya wa kuunganisha Game Boy mbili, yaani zile mashine za mkononi za Nintendo za kuchezea gemu, akawaza wadudu wanatambaa humo ndani kutoka mashine moja kwenda nyingine. Pokémon yote imekaa kwenye huo waya, kubadilishana viumbe unaowanasa.

Mbona gemu ya kwanza ya Pokémon ilichukua miaka 6 kutengenezwa?

Hela. Wafanyakazi 5 waliondoka, Tajiri mwenyewe akawa hajilipi mshahara, anategemea kipato cha baba yake. Ilipotoka Februari 1996, Game Boy ilishaonekana ya kizamani.

Na Mew, yule kiumbe wa siri wa Pokémon, je?

Hii ndo naipenda. Gemu imekaribia kwisha, wakaondoa programu za kukagulia makosa, ikabaki nafasi ya kama baiti 300, ambayo ni kiduchu mno, Shigeki Morimoto, mmoja wa waandishi wa programu wao, akamchomeka Mew humohumo kama utani wa ofisini! Baadaye jarida la CoroCoro likachezesha bahati nasibu ya kumgawa Mew kwa watu 20 tu.

Kwani Game Freak siyo ya Nintendo?

Hapana. Pokémon inamilikiwa na kampuni tatu, Nintendo, Creatures na Game Freak. Mwaka 2020 Game Freak walihamia jengo moja na ofisi ya Nintendo ya Tokyo, ila wapangaji wa nyumba moja kila mtu na jiko lake.