Rubani anachomokaje kwenye ndege inayoanguka? Maswali yenu

Tangu juzi mnaniuliza kuhusu vile viti vinavowarusha marubani wa kivita nje ya ndege, haya twende.

Akivuta kile kishikio khasa kinatokea nini? (Msomaji, Wete)

Sheikh wangu, akishavuta ye kazi yake imekwisha, ilobaki ni ya kiti. Kishikio kwenye viti vingi kipo katikati ya mapaja, akikivuta tu mikanda inamkaza mgongo ugande kitini, miguu inavutwa nyuma isije ikakatwa na dashibodi, kioo cha juu kinafyatuliwa au kinapasuliwa na uzi wa baruti uliogandishwa juu yake, halafu baruti inakisukuma kiti kwenye reli zake na roketi iliyo chini inamalizia. Nje huko kinafunguka kiparachuti kidogo cha kukituliza kiti kisipinduke ovyo, kisha parachuti kubwa, na kiti kinaachana na mtu kinaanguka kivyake. Ndege ikiwa chini yote hayo ni sekunde mbili tatu. Ikiwa juu sana parachuti kubwa inangoja mpaka ashuke kama futi 10,000, huku anavuta oksijeni ya chupa ya kitini, maana kule hewa ni nyembamba na baridi inaua.

Na ndege ikiwa chini chini? (Msomaji, Jang'ombe)

Zamani ilikuwa ndo basi. Bernard Lynch alipokijaribu kiti cha kampuni ya Martin-Baker kule Uingereza Julai 1946 alirushwa akiwa futi 8,000, viti vile vilikuwa vya baruti tu. Roketi ndo zilobadilisha mambo, siku hizi kuna viti vinamwokoa mtu hata ndege imesimama uwanjani. Anatoly Kvochur mwaka 1989 injini ya MiG-29 yake, ndege ya kivita ya Kisovieti, ilikufa kwenye maonyesho ya ndege ya Le Bourget, Paris, akatoka sekunde chache kabla ndege haijapiga chini na akapona. Lakini hili nawaomba mlishike: kiti kinamwokoa alovuta mapema. Ndege ikishakuwa karibu na ardhi inashuka kwa kasi au imepinduka juu chini, kiti kizuri vipi kinaweza kisiwahi, na marubani wengi wamekufa na kiti kizima wamekikalia kwa sababu walikuwa bado wanahangaika kuiokoa ndege. Inaniuma kila nikisoma habari hizo, ndege inatengenezwa nyengine.

Anaumia?

Mara nyingi ndio. Kwa muda mfupi uzito wake unakuwa mara 12, mara 14 au zaidi, na unaobeba ni uti wa mgongo, kwa hivo pingili kuvunjika si ajabu. Ndo maana wanafundishwa kukaa wima kichwa kimeegemea nyuma.

Kwa nini hizi ndege zetu za Unguja na Pemba hazina? (Msomaji, Chake)

Dadangu, swali zuri na naelewa hofu yako, upepo wa kaskazi ukiitikisa ile Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kila mtu anapiga dua. Ila fikiria, kila abiria awe na helmeti, mikanda ya mwili mzima na mafunzo, juu ya kila kichwa paa lifunguke, na chini ya mama aliyepakata mtoto kuwe na baruti. Kingeua wengi kuliko kingeokoa. Halafu Caravan injini ikizima haidondoki pale pale, inateleza hewani na rubani anapata muda wa kutafuta pa kutua.

Helikopta je?

Karibu zote hazina kwa sababu ya panga la juu. Ka-50, helikopta ya kivita ya Urusi, inacho, mapanga yanakatwa kwanza kwa baruti.

Akiangukia baharini? (Msomaji, Nungwi)

Sisi wa visiwani hili ndo letu. Anashuka na mzigo unaoning'inia chini yake kwa kamba, ndani mna boti ya kujaa upepo na redio ya kuita msaada, jaketi lake nalo linajaa. Khatari kubwa ni parachuti yenyewe, upepo ukiikamata inamburura majini mpaka azame, na mtu aloumia mgongo hawezi kufungua vifungo. Kwa hivo jeshi la majini la Marekani limeweka vifungo vinavofyatuka vyenyewe vikigusa maji ya chumvi.