Kidonge cha siku ya nane

Baba watoto alipogundulika na saratani ya damu, shemeji alipiga simu kutoka Dar usiku huohuo. "Jirani yetu hapa anameza imatinibu tu, anakwenda sokoni kama kawaida. Ninyi huko Marekani kemo ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuja kulielewa taratibu, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wodini. Jirani ana leukemia, yaani saratani ya damu, ya aina sugu, inayokwenda polepole. Ya mume wangu ilikuwa leukemia kali ya mailoidi, inayoweza kumaliza mtu ndani ya wiki chache. Kwa mtu wa umri wake, kidonge hakichukui nafasi ya kemo, kinaongezwa juu yake. Kwanza kemo yenyewe: sitarabini kwenye dripu siku 7, usiku na mchana, pamoja na daunorubisini siku 3. (Hii ni nyekundu. Alipokojoa rangi ya juisi ya rozela nilipiga ukelele, nesi akacheka.) Siku ya 8 ndipo kinaanza kidonge chenyewe, midostaurini: vidonge 2 asubuhi, 2 jioni, kwa siku 14.

Shika hiyo siku ya 8. Midostaurini ni ya wenye hitilafu kwenye jeni ya FLT3, takribani mgonjwa mmoja kati ya watatu, na pasipo majibu ya kipimo huanzishiwi. Siku ya 5 nilipouliza majibu yetu, ikagundulika sampuli haijatoka hata hapo hospitalini. Yalikuja siku ya 9 jioni. Kwa hiyo uliza siku ileile ya kulazwa: FLT3 imeshapimwa? Majibu lini? Wakikuona msumbufu, waache wakuone.

Vidonge vyenyewe vinachefua. Apewe dawa ya kuzuia kutapika kwanza, kisha ale. Uji mzito ulimkalia tumboni kuliko chakula cha hospitali. Mfamasia alinitaka niandike kila kinachoingia mdomoni. Nikadhani ni urasimu tu, mpaka alipokuta mgonjwa ameandikiwa posakonazoli ya kuzuia fangasi, ambayo hupandisha midostaurini kwenye damu. Hawakuiondoa, maana chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka karibu na sifuri na fangasi angeweza kumuua, ila walimpima moyo mara kwa mara. Balungi nalo likapigwa marufuku. Unga wa mlonge aliotuma mama mkwe niliufungia kabatini; nilimwambia tumeupokea, tunashukuru, nikaishia hapo.

Shemeji alitaka kujua kama kidonge kina faida kweli. Nikamsomea utafiti uliochapishwa 2017, wa wagonjwa 717 wenye hitilafu hiyo, wote wakipewa kemo ileile. Baada ya miaka 4, kati ya kila 100 waliomeza midostaurini walikuwa hai kama 51. Waliomeza kidonge bandia, 44.

"Saba tu?"

Nilinyamaza. Mume wangu, aliyekuwa anasikiliza kwenye spika, akasema, "Mwambie mimi niko kwenye hao saba," akaomba uji wake uongezwe sukari.

Na mkisharuhusiwa nyumbani, homa ikifika 38, usimpe panadoli ukasubiri asubuhi. Sisi tulitoka nyumbani saa nane usiku, yeye kandambili, mimi na khanga ya kulalia, na dripu ya antibayotiki ikawekwa kabla hata hawajamaliza kuandika jina lake.