Ulichorithi kwa baba yako, na ulichorithi kwangu

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kwamba, kwa kuwa marehemu baba yako aliugua saratani ya kibofu cha mkojo, na baba yako mkubwa akaugua hiyo hiyo, je, ninyi watoto mmeirithi, na je, kuna haja ya kwenda kupimwa vinasaba. Sikutaka kukujibu kwa simu, kwa sababu jibu lenyewe lina kona.

Nianze na karatasi ya majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo kilichokatwa kwenye kibofu cha baba yako ili kipimwe, ambayo bado ninayo kwenye mkoba wa hati za nyumba. Jamaa zake wa Pemba walisema ni kichocho, wala hawakusema ovyo: kijana aliyekulia kwenye mabonde ya mpunga, akioga katika vijito vyenye konokono na kukojoa damu akidhani ndiyo kubaleghe, ana sababu ya kuogopa, maana kichocho kilichokaa miaka mingi huweza kuzaa saratani ya seli bapa, ambayo ni aina nyingine ya saratani ya kibofu. Lakini karatasi haitaji seli bapa. Inasema saratani ilianzia kwenye utando wa ndani wa kibofu, aina inayofuatana sana na sigara, na baba yako alianza kuvuta akiwa na miaka 16. Aliyemwashia ya kwanza ni huyo huyo kaka yake.

Hapo ndipo urithi unapoingia. Moshi wa tumbaku una kemikali za jamii ya amini aromatiki, jamii ile ile iliyowaletea uvimbe wa kibofu wafanyakazi wa viwanda vya rangi nchini Ujerumani, ambao daktari Ludwig Rehn aliwaripoti mwaka 1895. Ini huzipunguza makali kwa kutumia kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini, kinachotokana na jeni (kinasaba) iitwayo NAT2. Kuna watu ambao kimeng'enya chao hufanya kazi upesi, na wengine polepole. Kwa hawa wa pili kemikali hukawia mwilini, na sehemu yake huishia kibofuni, mahali ambapo mkojo hukaa kwa saa nyingi.

Kazi ya jeni hii niliiona kabla sijalijua jina lake. Katika wodi ya kifua kikuu tulikuwa tukiwapa wagonjwa isoniazidi, na kimeng'enya cha NAT2 ndicho kinachoivunja dawa hiyo. Wagonjwa wawili wa vitanda vinavyopakana walimeza kipimo kimoja, mmoja hakusikia lolote, na mwenzake, ambaye huenda dawa ilikawia mwilini mwake, baada ya wiki kadhaa alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda, akisugua nyayo kwenye sakafu ya saruji, akiniambia, "Sista, miguu inawaka moto." Tukimpa vitamini B6. Nami nilipoambukizwa kazini na kuanza kumeza dawa, nilikuwa kama huyo wa pili. Wewe ulikuwa darasa la tatu, ukinimwagia maji ya mtungi miguuni, labda unakumbuka.

Kwa hiyo swali lako limemtazama baba yako peke yake, na hapo halikukamilika. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama, na ili awe wa polepole sharti zote mbili ziwe za polepole. Ikiwa miguu yangu ilisema kweli (ingawa miguu si maabara, kwani kisukari, pombe na lishe duni nazo huiunguza), basi nakala moja ya polepole umeipata kwangu, kabla hatujauliza baba yako alikupa ipi.

Uzito wake ni upi? Utafiti mkubwa wa Hispania, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta kwamba hatari kwa watu wa polepole ilizidi kwa takribani asilimia 40, na ziada hiyo ilionekana kwa wavutaji, si kwa wale ambao hawakuvuta kamwe. Huko Ulaya karibu nusu ya watu ni wa polepole, na walio wengi kabisa hawapati saratani hii. Sigara yenyewe huizidisha hatari mara tatu hivi au zaidi. Wewe huvuti, hivyo sioni kipimo cha NAT2 kingekuambia ufanye nini tofauti na unavyofanya. Ningekuhimiza upimwe kama ukoo wetu ungekuwa na saratani za utumbo mpana au za mji wa mimba zilizowapata watu kabla ya miaka 50, maana hapo madaktari hutafuta kasoro katika jeni kama MSH2, ambayo huongeza pia hatari ya saratani ya njia ya mkojo. Nimewahesabu ndugu wa pande zote mbili, na sikumpata hata mmoja.

Anayeninyima usingizi ni kaka yako. Nakala zake zimetoka kwa wazazi wale wale, naye anavuta. Mtakapokutana Idi, usimchoshe kwa habari za jeni. Mwambie aache sigara, na akiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, aende hospitali. Baba yako alingoja miezi saba, kwa sababu damu ilikuwa imekatika yenyewe.

Mama yako