Uliza Ujibiwe: Siku Tisa London Bila Kupanga Foleni

SWALI: Dada, hujambo? Binti yangu anahitimu chuo kikuu London mwezi wa tisa na amenitumia tiketi ya ndege. Nitakaa siku tisa. Hapa Umoja kila mtu ananiambia nipande lile gurudumu kubwa la mtoni na nipige picha penye saa ya Big Ben. Nikigeuza pauni kuwa shilingi, kichwa kinaniuma. Hakuna mambo mengine, yasiyo kwenye picha za kila mtu?
*Mama Mhitimu, Umoja*

JIBU: Hongera, mama, kusomesha si kazi ndogo. Niliishi Deptford, kusini mwa mto Thames, miaka sita nikitunza wazee majumbani mwao. Jumatano ndiyo iliyokuwa siku yangu ya mapumziko. Gurudumu sikulipanda. Nilitembea.

Anza na Greenwich. Karibu na merikebu ya Cutty Sark kuna kijumba cha mviringo chenye kuba ya kioo. Ingia, shuka ngazi, au panda lifti kama siku hiyo inafanya kazi. Utajikuta kwenye njia ya waenda kwa miguu inayopita chini ya mto. Ilifunguliwa mwaka 1902 ili vibarua wa upande wa kusini wafike kwenye gati za ng'ambo bila kungoja kivuko. Mimi ni mtoto wa Likoni, nimekua nikisukumana kwenye feri alfajiri, kwa hiyo mara ya kwanza kupita pale nilisimama katikati nikafikiria mama yangu na kapu lake la samaki. Njia ina urefu wa mita 370 hivi, kuta zake zimejaa vigae vyeupe, na hakuna anayekudai senti. Ukikaribia ng'ambo ya kaskazini inabana ghafla: hapo palipigwa bomu wakati wa Vita vya Pili, wakapatengeneza kwa kuvika chuma ndani. Weka kiganja, usikie baridi yake.

Ukirudi Greenwich, panda kilima hadi kwenye jumba la wataalamu wa nyota (Royal Observatory). Ndani watu hulipa ili wasimame juu ya mstari wa longitudo sifuri, lakini mstari huohuo unapita pia nje ya ukuta, kwenye kinjia cha chini. Saa zetu za Nairobi ziko mbele ya mstari huo kwa saa tatu. Mwezi wa tisa Waingereza wanakuwa wamesogeza saa zao, kwa hiyo ukimpigia baba watoto, hesabu mbili.

Sasa mahali ninapokuomba usipakose: Postman's Park, bustani ndogo hatua chache kutoka kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Makarani hula chakula cha mchana pale. Chini ya kibanda cha mbao kuna ukuta wa vigae, kila kimoja na jina la mtu wa kawaida aliyekufa akiokoa wengine. Mchoraji G. F. Watts ndiye aliyeupigania, ukafunguliwa mwaka 1900. Mtafute Alice Ayres. Kigae kinasema alikuwa binti wa kibarua wa waashi, na kwamba aliwaokoa watoto watatu kwenye nyumba iliyokuwa ikiungua, Aprili 1885. Walikuwa watoto wa dada yake, naye ndiye aliyewalea. Alitupa godoro dirishani, akawashusha mmoja mmoja. Yeye mwenyewe hakupona.

Nilikisoma kigae hicho nikitoka zamu ya usiku, sare ya kazi ikiwa ndani ya koti, na nililia. Hapa kwetu moto ukizuka Mukuru, huwa kuna mtu anayerudi ndani kumtoa mtoto wa jirani. Wiki mbili baadaye nani analikumbuka jina lake? Natamani sana Nairobi iwe na ukuta wa namna hiyo.

Ukibaki na alasiri moja, nenda bustani ya Crystal Palace uone sanamu za dinosauri za mwaka 1854. Mmoja amewekewa pembe puani. Baadaye wataalamu waligundua kuwa mfupa uliodhaniwa kuwa pembe ulikuwa wa kidole gumba.

SWALI: Nasomea akiolojia. Ni kweli watu huokota vitu vya kale kwenye tope la Thames?
*Mwanafunzi, Kahawa*

JIBU: Ni kweli, ila kwa kibali cha Mamlaka ya Bandari ya London, hata kama unatafuta kwa macho tu. Kitu cha kale chenye zaidi ya miaka 300 lazima kiripotiwe kwa makumbusho ya mji. Kwa hiyo bila kibali wewe tembea tu, usitafute wala kuokota. Maji yakipwa utaona vipande vya viko vya tumbaku vya udongo, vyeupe kama chaki. Thames hupanda na kushuka hadi mita 7, kupita hata bamvua, yaani maji makuu ya bahari, la kwetu Mombasa, na maji hurudi kwa kasi. Angalia ratiba ya maji kabla hujashuka, na usiende mbali na ngazi.