Maswali na Majibu: Hifadhidata ya Kuweka Ndani ya Simu

SWALI: Tunatengeneza programu ya simu kwa makarani wa ushirika wa maziwa. Karani hupokea maziwa ya wafugaji alfajiri, mara nyingi mahali pasipo mtandao, na data hupanda kwenye seva akirudi kituoni. Simu zao ni Android 9, chache ni 12. Mwenzangu anataka MySQL, programu ya hifadhidata ya kwenye seva, kila mahali ili tusihangaike na vitu viwili. Mnashaurije?
*Msomaji, Njombe*

JIBU: MySQL ibaki kwenye seva. Ndani ya simu wekeni SQLite, hifadhidata ndogo.

MySQL inataka iwe macho muda wote ikisubiri maombi, na Android haivumilii programu inayokula chaji kimyakimya, itaizima. SQLite haina seva. Ni maktaba (msimbo ulio tayari) inayokaa ndani ya programu yenu, na hifadhidata nzima ni faili moja. Tayari imo kwenye Android na iPhone, tena bure kabisa: D. Richard Hipp, aliyeianzisha mwaka 2000, aliiachia umma. SQL mnayoijua, lugha ya kuagiza hifadhidata, itawafaa, ila kuna mitego.

Mtego mkubwa kwenu ni toleo. Android 9 huja na SQLite 3.22, Android 12 huja na 3.32. Amri ya `INSERT ... ON CONFLICT DO UPDATE` (ingiza mstari, na kama upo tayari usahihishe) ilianza toleo la 3.24. Mkiijaribu kwenye simu mpya ya ofisini itapita vizuri. Ikifika kwa karani mwenye Android 9, programu inaanguka na ujumbe `near "ON": syntax error`. Basi andikeni kwa kuangalia simu kongwe kuliko zote: fanyeni `UPDATE` kwanza, isipogusa mstari wowote ndipo `INSERT`, zote ndani ya muamala mmoja, yaani kundi la amri zinazofanikiwa zote au kushindwa zote. Msikimbilie `INSERT OR REPLACE` kwa sababu tu ni fupi. Hiyo hufuta mstari wa zamani kabla ya kuweka mpya, na kama mapokezi ya maziwa yamefungwa kwa mfugaji kwa `ON DELETE CASCADE` (akifutwa yeye, na yake yafutwe), kusahihisha namba ya simu ya mfugaji kunafuta maziwa yake yote.

Ulinzi wa funguo za nje, yaani viungo vya mstari wa jedwali moja na wa jingine, nao huja ukiwa umezimwa. Tekelezeni `PRAGMA foreign_keys = ON` kila muunganisho unapofunguliwa, si mara moja siku ya kuunda majedwali. Mkisahau, SQLite itapokea maziwa ya mfugaji asiyekuwepo bila hata kuguna.

Aina za data pia ni legevu. Safu ya `INTEGER` itakubali neno "12,5" likiwa na mkato wake, na jumla ya mwisho wa mwezi itakataa kulingana. Andikeni lita 12.5 kama mililita 12500, kisha wekeni kizuizi: `CHECK (typeof(mililita) = 'integer')`. Pesa vivyo hivyo, namba kamili, kamwe si desimali.

Namba za mapokezi zisiwe 1, 2, 3. Simu mbili zisizo na mtandao zote zitatoa namba 41, na seva haitajua ipi ni ipi. Tumieni UUID, namba ndefu isiyojirudia, inayozalishwa kwenye simu yenyewe.

Mkishusha orodha ya wafugaji 300, fungueni muamala mmoja, ingizeni wote, fungeni. Bila hivyo kila mfugaji ni muamala wake, na kila muamala husubiri uandikwe kwenye hifadhi ya simu; hapo ndipo karani anapoona kiduara kikizunguka.

Mwisho, nakala rudufu. Hali ya WAL (mabadiliko huandikwa kwanza pembeni) ikiwa imewashwa, data ya karibuni hukaa kwenye faili la pembeni linaloishia na `-wal`. Anayenakili faili kuu peke yake anaweza kukosa maziwa ya asubuhi hiyo. Tekelezeni `PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE)` ili data hiyo iingie kwenye faili kuu, fungeni miunganisho yote, ndipo mnakili.

SWALI: Skana zetu za ghalani, za Windows Mobile (mfumo wa Microsoft wa vifaa vya mkononi), zinatumia SQL Server Compact 3.5, hifadhidata ndogo ya Microsoft. Zimegoma kuingiza mzigo ingawa kadi ina nafasi tele. Tatizo nini?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Pimeni faili la `.sdf`, ambalo ndilo hifadhidata yenyewe. Likikaribia MB 128, mmegonga ukomo wa kawaida wa toleo hilo. Ongezeni `Max Database Size=512` kwenye maelezo ya muunganisho, na liwe hivyo katika kila programu inayofungua faili hilo. Kisha futeni mizigo ya zamani na mlibane faili kwa `Compact`. Hiyo hutengeneza faili jipya, kwa hiyo acheni nafasi ya kutosha. Hayo ni ya kuvuta muda tu. Toleo la 4.0 liliacha vifaa vya mkononi, kwa hiyo skana mtakazonunua baadaye ziwe za Android, na majibu ya Njombe hapo juu yatawahusu.